Aliyezidi Kwenye Hesabu: Sehemu ya Tisa

Wiki nzima mmenisumbua. Mmeandika, mmepiga simu hadi kwa mhariri, na mama mmoja ameniita katili kwa sababu nilikatisha hadithi Fundi akiwa ameshika mkasi mkono wa kulia na pembe ya turubai mkono wa kushoto. Haya, tulieni. Leo turubai linafunuliwa.

Fundi akalivuta.

Chini yake alilala mwanamume mwenye kipara kibichi, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya nailoni, mdomo umezibwa kwa kipande cha sare. Macho yake yalitazama mkasi kwanza. Kisha yakapanda hadi usoni kwa Fundi, yakabaki hapo hapo.

Mkasi ukamponyoka Fundi.

"Wewe," akasema.

Mtu wa ziada, yule aliyesababisha gereza zima lifungwe tangu saa nane mchana, alikuwa mdogo wake. Tumbo moja, ziwa moja. Wa mwisho kwa mama yao.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo ili upate cha kufungia vitumbua, nikupe habari kwa ufupi. Hili ni gereza la wanaume, la ulinzi mkali, jipya, lina kamera mia mbili na milango ya vitufe ambayo mmoja haufunguki mpaka ulio nyuma yako ufungwe. Wafungwa ni mia sita kumi na mbili. Wanahesabiwa mara nne kwa siku. Leo saa nane hesabu imetoka mia sita kumi na tatu. Mfungwa akipungua, kila askari anajua la kufanya. Akizidi, hakuna aliyewahi kufundishwa. Milango ikafungwa yote, na kwa sheria ya pale haifunguliwi mpaka hesabu mbili zifuatane ziwe sawa.

Fundi ndiye mshonaji wa sare za humo. Amemaliza miaka yake kumi na moja. Anatakiwa kutoka leo hii saa kumi, na mama yake amekaa nje ya geti tangu asubuhi, kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho.

Mchawi wa mambo yote haya ni Sajenti, anayekaimu kwa kuwa Mkuu wa gereza yuko likizo. Alitaka kumtorosha Tajiri, mfungwa wa maisha. Mpango ulikuwa mwepesi: mpakiaji aingie na lori la vitambaa, avae sare yenye namba ya Tajiri, abaki, Tajiri avae ovaroli ya mpakiaji, aondoke na lori. Kichwa kimoja kiingie, kimoja kitoke. Sare hiyo ya pili aliishona Fundi mwenyewe wiki mbili zilizopita. Aliamriwa, akashona, hakuuliza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa hata uzi ulikuwa wake.

Kilichoharibu ni tabia moja ya Sajenti. Anajaza daftari kabla ya jambo kutokea. Asubuhi alishaandika kwa mkono wake: "Lori limetoka, watu wawili." Dereva akaingiwa na woga, akawasha gari kabla ya wakati, peke yake. Askari wa zamu pale kwenye lango la magari akatazama daftari, akaona lori limeshatoka, akaona hana sababu ya kulizuia. Tajiri akabaki ameduwaa na ovaroli mkononi. Na mpakiaji akawa hana pa kutokea, maana kwenye daftari alikwisha kwenda zake.

Ndipo Sajenti akamfungia kwenye stoo ya karakana, hesabu ya pili, ya kurudia, ikaja sawa. Lakini mtu utamficha hesabu ngapi? Akamwita Fundi kutoka ofisi ya karani alikokuwa anasaini karatasi za kuachiwa. Akafungua mkasi mmoja kwenye nyororo yake, akauweka mezani. "Kuna mtu chini ya turubai," akamwambia. "Nusu saa. Nishonee gunia la urefu wa mtu, mdomo ushonwe, liende tanuri pamoja na mabaki ya vitambaa. Ukimaliza, saa kumi unamkumbatia mama yako. Usipomaliza, karatasi zako zinaingia tanuri badala yake."

Hapo ndipo tulipo. Sasa twende.

Fundi alimtoa mdogo wake kile kitambaa mdomoni. Kisha akamfungua ile kamba ya nailoni mikononi.

"Kaka, usinipige," mdogo wake akasema.

"Umefuata nini humu?"

"Nimekufuata wewe."

"Mimi natoka leo, mpumbavu wewe."

"Dereva aliniambia hutoki." Alikohoa, akatema nyuzi. "Alisema bila mtu kukaa ndani siku mbili, karatasi zako zitapotea. Siku mbili tu, kisha Sajenti ananitoa. Miaka kumi na moja na siku mbili, nikaona siku mbili si kitu."

"Sajenti anajua wewe ni nani wangu?"

"Hajui. Aliniangalia kichwa na urefu tu, kama anayenunua mbuzi. Akaniambia ninyoe. Akanikandamiza kidole kwenye kimashine, akanipa sare, basi."

Wasomaji wangu, hilo la kidole liwekeni akiba. Fundi hakuliweka, na mimi simlaumu. Ungekuwa wewe, ungesikia nini?

Alichosikia ni buti. Mbali kidogo, kwenye korido, zikapita.

"Ilikuwa kazi ya mpakiaji, kaka," mdogo wake akaendelea, kana kwamba anajitetea kwa baba. "Niliichukua kwa ajili yako. Kila lori likija nilikuwa nasikia cherehani kupitia ukutani. Nilikuwa najua ni wewe, maana unashona ukisimama mara tatu tatu, kama nyumbani."

Fundi akakaa chini kwenye robota. Alilia kidogo, bila sauti, kama wafungwa wanavyolia. Kisha akajifuta kwa mkono wa shati na akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika tano. Hesabu ya tatu ni saa tisa na nusu.

"Nimeambiwa nikuue," akasema.

"Nilijua nilipoona mkasi."

"Nisipokuua mimi atakuua yeye. Na huko nje hakuna mtu atakayeuliza, kwa sababu kwenye vitabu vyao wewe ulitoka na lori saa saba."

"Tupige kelele. Tumwite Mkuu."

"Mkuu ni yeye."



Fundi alisimama. Ukimjua fundi yeyote wa nguo utajua akili yake iko kwenye vidole. Akili ya kichwani huja baadaye. Vidole vilikwisha anza. Alilishusha sanamu la kupimia nguo kutoka kwenye kigingi chake, akalivika ile sare yenye namba ya Tajiri baada ya kumvua mdogo wake. Akalishindilia vipande vya vitambaa miguuni. Tumboni akaweka pasi ya chuma, ile nzito ya zamani, na kifuani akaweka nyingine. Akashona gunia kwa mshono wa mkono, mrefu, wa haraka, akalitia sanamu humo na kuushona mdomo.

Halafu akachukua mkasi na kujichana kiganja cha kushoto. Alikikamua juu ya gunia kama mtu anayekamua nguo iliyolowa.

"Ingia nyuma ya marobota," akamwambia mdogo wake. "Hata ukisikia nakufa, usitoke."

Dakika mbili baadaye Sajenti akaingia. Mtu mnene, mpole wa sauti, peni mbili mfukoni. Alilitazama gunia, akalisukuma kwa ncha ya buti. Likasukumika kwa uzito. Damu ikamgusa kiatu, akarudi nyuma.

"Na huo mkono?"

"Alipigana, afande."

"Alisema kitu?"

"Alimtaja mama yake."

"Wote hufanya hivyo," Sajenti akasema. Akaufuta mkasi kwa kipande cha kitambaa, akaurudisha kwenye nyororo na kuufunga, maana vifaa navyo huhesabiwa. Kisha akalipakia gunia kwenye toroli kwa mikono yake mwenyewe. Jambo la namna ile hakutaka mkono wa pili uliguse.

Mlangoni akasimama. Sajenti akachomoa peni, akafungua daftari la ukaguzi lililoning'inia ukutani, akaandika: "Karakana imekaguliwa, haina mtu." Akaweka saa: tisa na dakika ishirini na tano. Ilikuwa bado dakika tano kufika hapo.

"Vaa nguo zako uende uwanjani," akasema. "Usichelewe hesabu yako ya mwisho."

Magurudumu ya toroli yakaenda yakipungua sauti kuelekea tanuri.

Sasa kuna desturi moja ya gereza hili ambayo lazima niwaambie. Mfungwa anayetoka siku hiyo husimama kwenye hesabu ya mwisho akiwa na nguo za kiraia, mstari wa peke yake, mbele ya wenzake wote. Waliianzisha ili wanaobaki wawe na hamu ya kutoka. Wanaobaki wenyewe wanasema ni mateso yasiyoandikwa kwenye sheria.

Fundi alikuwa ameshona nguo zake za kutokea kwa miezi minne. Shati la rangi ya maziwa, kola imesimama, vifungo sita vya mfupa ambavyo karani alimletea. Suruali nyeusi yenye mshono mmoja tu pembeni. Alizishona usiku kichwani, mchana kwenye cherehani. Ndani ya kola, mahali ambapo hakuna mtu angeona, alitia mishono mitatu ya uzi mwekundu, kama mama yao alivyokuwa akitia kwenye nguo zao za shule zisipotee.

Akalitoa shati kwenye karatasi yake, akalikung'uta.

"Vaa," akasema.

"Kaka, hapana."

"Vaa. Huna muda wa kukataa."

"Hilo ni lako. Ni siku yako."

"Nisikilize vizuri." Alimshika mabega. "Mimi niko kwenye vitabu vyao. Jina, namba, picha ya mbele, picha ya pembeni. Mkuu anarudi kutoka likizo Jumatatu. Nitajificha hadi hapo, nitajitokeza mbele yake, nitasema yote. Watanishitaki kwa kumtorosha mtu. Wataniongezea miaka, sawa, humu nishapazoea. Ila wewe hauko kwenye kitabu chochote. Ukifa humu hakuna hata wa kuandika kwamba umekufa."

"Watakuongezea mingapi?"

"Sitaki kujua."

"Na mama?"

Fundi alikuwa anafunga vifungo vya shati kwenye kifua cha mwenzake, kimoja kimoja, kuanzia chini. Mikono ya shati ilimzidi kidogo, akaikunja mara moja.

"Mama alikuja kuchukua mtoto mmoja," akasema. "Atapata mmoja. Akikosa wote wawili atakufa."

Mdogo wake akalia wazi, bila aibu. Fundi akamfuta uso kwa nguvu kama anayemfuta mtoto makamasi.

"Acha. Mimi silii kwenye hesabu, wanajua. Inamisha kichwa. Tembea polepole, goti la kulia linaniuma. Ukiitwa Fundi, sema 'naam afande' na uishie hapo. Lete mkono wa kushoto."

Akamfunga kiganja kwa kitambaa, kile kile cha kushoto, ili Sajenti akimwona kwa mbali aone jeraha alilokwisha liona. Kwa dakika tano alikumbuka kila kitu ambacho binadamu anaweza kukumbuka.

"Na getini?" mdogo akauliza. "Kuna mashine ya kidole."

Fundi akatabasamu mara ya kwanza siku ile.

"Hiyo isikusumbue. Miaka kumi na moja ya sindano na pasi, kidole changu kimefutika. Mashine haijawahi kunikubali hata siku moja. Asubuhi hii imenikataa tena, karani akaandika kwa mkono. Wewe haikujui, itakukataa vile vile. Babu Geti atatukana mashine, ataandika kwa mkono, utapita."

Akamsukuma nje. Kisha akajikunja chini ya meza ya kukatia, nyuma ya mapipa ya mabaki, akavuta gunia tupu juu yake.

Uwanjani wafungwa walikwisha panga mistari. Tajiri hakuwepo, maana baada ya balaa la saa nane wa kifungo cha maisha wote walirudishwa selini wahesabiwe huko. Mtu mmoja mwenye shati la rangi ya maziwa akatoka upande wa karakana, akichechemea kidogo, akasimama kwenye mstari wake wa peke yake.

Wafungwa waliona. Msidhani hawakuona. Watu waliokula naye miaka kumi na moja wasimjue Fundi na asiye Fundi? Mzee mmoja wa mstari wa mbele alimtazama shingo, akamtazama masikio, akafungua mdomo. Jirani yake akamkanyaga kidole cha mguu. Mdomo ukafungwa.

Askari wa hesabu hakutazama masikio. Alitazama shati. Akapita na fimbo yake akigusa mabega, moja, mbili, tatu, na spika ikatangaza kwa sauti ya kukwaruza: "Mia sita kumi na mbili."

Sawa. Hesabu mbili zimefuatana. Milango ikaanza kulia mmoja baada ya mwingine, na gereza likapumua.

Saa kumi kamili mtu wa shati aliingia kwenye kile chumba cha katikati ya milango miwili. Mlango wa nyuma ukajifunga. Mbele kulikuwa na mlango wa mwisho, wa kioo kinene na chuma, na nyuma ya kioo barabara, na kando ya barabara kiti cha plastiki chenye mama mzee.

Kwenye kidirisha alikaa Babu Geti, askari aliyebakiza miezi mitatu astaafu. Anapenda watu wanaotoka. Macho yake yana ukungu na anakataa kuvaa miwani kazini.

"Fundi wangu," akasema. "Umenishonea suruali ngapi wewe? Na leo unaniacha."

"Naam afande."

"Naam afande, naam afande. Hata leo?" Akacheka. "Haya. Sheria ni sheria. Weka kidole tuagane na hii takataka, ikukatae mara ya mwisho, niandike kwa mkono tumalize."

Mdogo mtu akaweka kidole gumba. Alikiweka bila wasiwasi wowote, kama alivyoambiwa.

Mashine ikatoa mlio mmoja mtamu. Taa ya kijani.

Babu Geti akaacha kucheka. Ile taa hakuwahi kuiona ikiwaka kwa kidole cha Fundi. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo cha mashine, akasoma maandishi yaliyojitokeza, herufi kwa herufi, midomo ikicheza.

Mnakumbuka niliwaambia muweke akiba? Asubuhi ile Sajenti alimkandamiza mpakiaji kidole kwenye kimashine. Alikuwa anamwandikisha kwa namba ya Tajiri, ili siku mashine ikiuliza, imkubali kuwa Tajiri. Hilo nalo alilifanya kabla ya wakati wake.

Kwenye kioo cha mashine ilisomeka namba, jina la Tajiri, na chini yake maneno matatu: kifungo cha maisha.

"Kijana," Babu Geti akasema taratibu, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Inua uso."

Akainua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nyuma ya kioo mama mzee alikwisha simama. Aliliona shati kwanza, akafungua mikono. Akasogea hatua tatu. Kisha akauona uso, na mikono ikashuka.

Spika ya getini ilikuwa wazi. Sauti ya mama ikaingia chumbani humo, ndogo, wazi kabisa, na Babu Geti akaisikia neno kwa neno.

"Mbona ni wewe, kitinda mimba wangu? Kaka yako umemwacha wapi?"

Babu Geti ana vitufe viwili mezani. Kimoja kinafungua mlango wa mwisho. Kingine kinapiga king'ora, na king'ora kikilia, jambo la kwanza linalofanywa ni kupekua karakana. Alimtazama mama. Akamtazama kijana. Akakumbuka suruali zake.

Simu ya mezani ikaita. Kwenye kioo chake kidogo kikatokea chumba inakotoka: tanuri, alikokwenda Sajenti na gunia.

Babu Geti akanyoosha kidole kwenye vitufe vyake.